Tuwafundishe Vijana Wetu Kusoma Nyayo za Matapeli wa Mtandaoni

Maneno ya Kamati ya Elimu na Vijana mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena. Tunawashukuru pia kwa michango ya miaka iliyopita. Madawati mliyochangia yamekaliwa, na pampu ya kisima inafanya kazi. Mkitoka hapa piteni mkaione, maana mchango usioonekana huzaa maneno.

Mwaka huu kamati yetu imeleta ombi la aina nyingine. Tunaomba fedha za kuwafundisha vijana wetu kazi ya kujilinda, na kutulinda sisi wazazi wao, dhidi ya wizi wa mtandaoni. Tunajua wapo watakaouliza: kijiji ambacho mvua ikigoma mwaka mmoja tunahesabu debe za uwele, kinataka nini na mambo ya kompyuta? Swali hilo ni halali. Tunaomba mtusikilize kwanza, kisha mtuhukumu.

Tuanze na mama yetu mmoja. Ametuomba tusimtaje jina, nasi tumemheshimu. Msimu uliopita aliuza mahindi yake soko la Kibaigwa. Mnunuzi akamlipa kwa simu, kama ilivyo kawaida siku hizi, kwa sababu kutembea na burungutu la noti ni kumwita kibaka. Jioni ileile alikuwa akibishana na kaka yake kwa simu juu ya nauli ya gari lililobeba magunia. Kabla hajapika chakula, ikaingia meseji: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani, laini yangu nyingine ina shida. Akadhani ni kaka yake. Akatuma. Alipompigia kumuuliza kama imefika, kaka akashangaa: "Hela gani, dada?"

Alipiga huduma kwa wateja, akaambiwa fedha zimekwisha kutolewa. Alikwenda polisi, akapewa namba ya kesi. Fedha zile zilikuwa ada ya mtoto wake wa bweni, na mtoto alikaa nyumbani wiki tatu wenzake wakisoma. Kwa miezi miwili mama huyu hakumwambia mtu, kwa aibu. Alipomwambia jirani hatimaye, jibu lilikuwa lile tunalolisema wote: "Mbona hukuwa makini?"

Ndugu zetu, neno hilo la "uwe makini" tumelisema mno. Mtoto akikatazwa kukanyaga nyoka, anaonyeshwa nyoka anafananaje, analala wapi, anatoka saa ngapi. Kwenye simu tunawaambia watu wawe makini, halafu tunawaacha gizani. Mama yule alikuwa makini sana. Alihesabu magunia yake mara mbili na kupima mizani kwa macho yake. Alichokikosa ni kujua kwamba mwizi alikuwa anamsubiri siku ile ya soko.

Je, ni kweli alikuwa anasubiriwa? Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia. Vijana wachache wa kwetu, wawili kati yao wanaosoma kompyuta chuoni, waliwaomba watu walete meseji za kitapeli walizozipokea. Zililetwa nyingi kuliko tulivyotegemea. Waliolia walikuwa wengi, ila kila mtu alilia peke yake. Vijana wakaziandika zote kwenye daftari: siku, saa, namba iliyotuma, jina linalotokea ukitaka kutuma fedha, hadithi inayosimuliwa, na maneno yenyewe herufi kwa herufi.

Daftari likaanza kusema. Hadithi ya "ile hela tuma huku" ilizidi miezi ya mavuno, mchana na jioni za siku za soko. Hadithi ya "mwanao ameugua shuleni, tuma fedha ya matibabu haraka" ilikuja wiki za kufungua shule, wakati kila mzazi wa mtoto wa bweni ana wasiwasi. Hadithi ya "nimekosea kutuma, nirudishie" ilikuja na meseji iliyopambwa ifanane na ya kampuni ya simu, lakini salio likiangaliwa hakuna kilichoingia. Na hadithi ya mkopo wa haraka, utangulize ada kidogo ndipo mkopo utoke, ilikuja miezi ya njaa. Namba zilikuwa tofauti tofauti. Maneno yalifanana, mpaka kosa la tahajia lilikuwa lilelile katika meseji zilizotoka namba tano mbalimbali. Tukaelewa kwamba nyuma ya namba nyingi kuna mikono michache, na mikono hiyo inaijua kalenda yetu.

Kazi hiyo ya kukusanya, kupanga na kuchambua ndiyo wataalamu wanayoiita intelijensia ya vitisho. Jina ni kubwa, lakini maana yake ni ndogo. Meseji moja ni taarifa tu. Meseji nyingi zilizopangwa kwa siku, saa na hadithi, zikakuwezesha kusema "wiki ijayo shule zinafunguliwa, kwa hiyo tuwaonye wazazi Jumapili hii", hiyo ni intelijensia. Inamsaidia mtu kuamua kabla ya kuumia.

Wazee wetu hapa wanaifahamu kazi hii kuliko sisi. Ng'ombe walipoibwa, watu hawakukaa bomani kumlaumu mwenye zizi kwamba hakuwa makini. Waliitana, wakafuata nyayo. Mwenye jicho alijua ng'ombe mwenye kwato iliyopasuka, alijua unyayo wa alfajiri na unyayo wa jana. Mwizi naye alikuwa na akili: aliweza kubadili viatu, aliweza kupita juu ya mwamba. Lakini ng'ombe lazima wanywe maji, na mwisho lazima wauzwe. Kwa hiyo wengine walifuata nyayo, na wengine walitangulia kisimani na mnadani.

Mwaka 2013 mtaalamu wa Marekani, David Bianco, alieleza jambo hilohilo kwa lugha ya kompyuta. Alichora piramidi kuonyesha kwamba vitu vinavyomtambulisha mshambuliaji havina uzito sawa. Sehemu ya chini ni vitu anavyobadili kwa dakika moja, kama anwani ya kompyuta aliyotumia. Juu kabisa ni mazoea yake: jinsi anavyoingia, anavyodanganya na anavyoondoka na mali. Ukizuia anwani moja, atachukua nyingine. Ukiyajua mazoea yake, unamlazimisha aanze upya kujifunza wizi. Namba ya simu ya tapeli ni viatu vyake, na hadithi anayosimulia ni njia yake ya kwenda kisimani.

Hatusemi namba haina maana. Tangu 2019 laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inapokea taarifa za matapeli kupitia namba 15040: unaipeleka ile meseji huko, kisha unafuata maelekezo ya kutaja namba ya tapeli. Katika taarifa zake za robo mwaka, TCRA huonyesha majaribio ya utapeli yametokea mikoa gani, na Rukwa na Morogoro imetajwa juu ya orodha mara kadhaa. Watu wa mikoa hiyo ni ndugu zetu na wanatapeliwa kama sisi, kwa hiyo hatuisemi kwa kuwanyooshea kidole. Tunachotaka muone ni kwamba anayefuta meseji ya tapeli kwa hasira anafuta unyayo, na anayeitoa taarifa anawasaidia wanaofuatilia.

Msidhani mambo haya ni ya watu wa kijijini peke yao. Februari 2016 wezi waliokuwa wameingia kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo 35 ya fedha kwenda benki kuu ya Marekani iliyoko New York, wakitaka karibu dola bilioni moja. Walianza Alhamisi usiku, kwa sababu Bangladesh hupumzika Ijumaa na Jumamosi, New York hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huko Ufilipino fedha zilikokwenda. Nao waliijua kalenda ya waliowaibia. Dola milioni 81 ziliondoka. Dola milioni 20 nyingine, zilizokuwa zikielekea Sri Lanka, zilikwama. Sababu moja ni kwamba wezi walikosea kuandika jina la taasisi, wakaandika "fandation" badala ya "foundation", na mtu mwenye jicho akauliza. Benki kuu ya nchi nzima iliokolewa sehemu ya fedha zake na mtu aliyezoea kusoma kwa makini na asiyeona haya kuuliza. Jicho la namna hiyo hupatikana kwa mazoezi, na sisi tunaomba kuwapa vijana wetu mazoezi hayo.

Sasa tueleze mafunzo yenyewe, ili msichangie kitu msichokijua. Vijana wamekuwa wakikutana Jumamosi kwenye darasa tuliloazimwa, na kompyuta tatu. Katika kompyuta moja wanatengeneza kompyuta nyingine ya bandia, iliyofungiwa ndani kama mbuzi ndani ya zizi. Humo ndimo wanamofungulia linki inayotiliwa shaka, kwa sababu ikiwa na virusi, wanaifuta ile ya bandia na kuanza upya. Wanajifunza kuangalia anwani ya tovuti imesajiliwa lini. Tovuti inayojiita ya kampuni kongwe, lakini imesajiliwa wiki iliyopita, inajieleza yenyewe. Wanajifunza kusoma sehemu iliyofichika ya barua pepe inayoonyesha imepitia wapi, maana jina la mtumaji lililo juu mtu yeyote anaweza kuliandika.

Kuna vifaa vinavyotumiwa na wataalamu wakubwa ambavyo havilipiwi. Programu ya MISP, iliyoanza 2011 katika jeshi la Ubelgiji, inatumika sehemu nyingi duniani kuhifadhi na kugawana taarifa za mashambulizi, na ni ya bure. Orodha ya mbinu za washambuliaji inayotunzwa na shirika la MITRE la Marekani iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Kijana wa Kongwa anaweza kusoma ukurasa uleule anaousoma mlinzi wa benki ya London. Anachohitaji ni kompyuta, bando, umeme, na mtu wa kumwonyesha njia.

Hatua ya mwisho ya kila Jumamosi ndiyo tunayoipenda zaidi. Kila kundi lazima liandike tangazo la mistari mitano, kwa Kiswahili chepesi, ambalo bibi asiyejua kompyuta atalielewa. Kijana mmoja analisema kwa Kigogo. Kama bibi hakuelewa, kazi haijakwisha, hata kama kompyuta imefanya maajabu. Matangazo hayo yamesomwa kanisani, msikitini na kwa kipaza sauti cha soko. Wakati wa kufungua shule muhula uliopita, wazazi walitangaziwa kwamba wakipokea simu ya mtoto kuugua wakate, kisha wao wenyewe waipigie shule kwa namba iliyo kwenye fomu ya kujiunga. Baba mmoja alikuja kutuambia alipigiwa simu ya namna hiyo siku mbili baada ya tangazo. Alikata, akapiga shuleni, akamkuta mwanawe anacheza mpira. Huyo mmoja alitupa nguvu ya kuja kusimama mbele yenu.

Lazima pia tuwaambie tulipokosea. Mwanzoni kabisa, kijana wetu mmoja kwa uchungu aliichukua namba iliyomtapeli shangazi yake, akalitafuta jina la usajili, akalirusha kwenye kundi la WhatsApp na maneno "huyu ndiye mwizi". Kwa saa chache mtu yule alitukanwa na watu asiowajua. Baadaye ikabainika kwamba ni mzee wa mbali asiyejua lolote. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua, siku alipoweka kidole mara mbili mbele ya msajili wa laini mtaani. Tulimtafuta, tukamwomba radhi, na tukaomba radhi kwenye kundi lilelile. Tangu hapo sheria ya kwanza ya darasa ni hii: jina linalotokea kwenye simu si ushahidi wa nani ameiba. Taarifa zinakwenda 15040 na polisi. Haziendi kwenye kundi.

Hapo ndipo tulipojifunza pia kupanga taarifa kwa rangi, utaratibu unaotumiwa duniani kote. Nyekundu ni ya waliomo chumbani tu. Rangi ya kaharabu ni ya wanaohusika na wanaohitaji kuijua. Kijani ni ya jamii ya wenzetu kwenye kazi hii. Isiyo na rangi ni ya kila mtu. Jina la aliyetapeliwa ni nyekundu daima. Mama yetu tuliyeanza naye ametuamini kwa sababu hiyo.

Wazee walituuliza swali zito zaidi katika kikao cha Januari: mkiwafundisha vijana jinsi wezi wanavyoiba, si mnawafundisha wizi? Hatutaki kulikwepa. Kijana asiye na kazi, mwenye ujuzi wa simu, akimwona mwenzake anajenga nyumba kwa fedha za kutapeli, anajaribiwa. Vishawishi hivyo vipo hata tusipofundisha, na wanaowavuta vijana kwenye wizi hawaombi michango. Tulichofanya ni kuweka utaratibu. Kila kijana anakuja na mzazi au mlezi siku ya kwanza. Anasomewa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa la jinai, hata kama hukuiba kitu. Mazoezi yote ya kushambulia yanafanywa kwenye kompyuta zetu wenyewe. Anayejaribu ujuzi wake kwenye simu ya jirani anaondoka siku hiyohiyo. Na wazee wawili wa chama wanahudhuria, mmoja wao hajui hata kuwasha kompyuta, ila anawajua watoto wa nani ni wa nani.

Wengine wanasema: kwa nini tusiwalipie vijana kozi za nje, wakapata vyeti vya kimataifa? Watakaoweza wakasome, na tutawapongeza. Lakini sisi watu wa Kongwa tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja hapa na Mpango wa Karanga. Walileta matrekta, fedha, na watu waliosoma sana. Walichokosa ni kuujua udongo wetu, ambao jua likiwaka hukauka ukawa mgumu kama tofali, na mvua yetu, ambayo haisomi mipango ya mtu. Wenyeji waliokuwa wakiijua ardhi hii hawakuulizwa vya kutosha. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa na mamilioni ya pauni yamezama.

Mafunzo ya usalama wa mtandao yanaweza kuwa karanga nyingine. Kozi nyingi zinafundisha mashambulizi ya makampuni ya Ulaya, kwa barua pepe za Kiingereza. Kijana anahitimu anajua kirusi cha kompyuta kilichotikisa hospitali za Uingereza Mei 2017, lakini hajui kwa nini meseji ya "ile hela" inamshika mtu mwenye akili timamu Kibaigwa. Mwizi wetu anaandika Kiswahili. Anajua mavuno, ada, mnada, msiba na VICOBA. Anayetaka kumsoma lazima ajue hayo, na hayo sisi tunayo.

Tena bahati imetuangukia. Dodoma ni makao makuu, serikali imehamia tangu 2016, na mifumo mingi ya nchi inaendeshwa kutoka hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kinafundisha shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Mamlaka ya Serikali Mtandao iko Dodoma. TCRA ina kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya kompyuta, TZ-CERT. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume ya kuisimamia. Ajira za kulinda mifumo zitakuwepo, na zitakuwa saa moja na nusu kutoka hapa kwa gari. Vijana wetu watazipata zile za ulinzi wa getini tu, au na hizi nyingine? Watakaoajiri watauliza cheti, lakini pia watauliza: umewahi kufanya nini? Kijana aliyetunza daftari la matukio kwa miaka miwili, akaandika matangazo yaliyookoa ada za watu, atakuwa na jibu.

Sasa ombi letu, Ndugu Mwenyekiti. Tunaomba kompyuta mpakato kumi. Zilizotumika zinafaa, mradi ziwe nzima na zifutwe taarifa zenu kabla ya kuzileta. Tunaomba paneli za jua na betri, kwa kuwa umeme hukatika Jumamosi kana kwamba umepangiwa. Tunaomba bando la mwaka mzima. Tunaomba kabati la chuma lenye kufuli, kwa sababu daftari lile lina siri za watu. Na tunaomba nauli: ya wakufunzi wanaotoka Dodoma mjini, na ya vijana kwenda mjini mara moja kila muhula kuona kazi inavyofanyika. Posho hatukuiweka. Mchanganuo umeambatanishwa kwa Mweka Hazina, na risiti za mwaka jana ziko mezani kwake, karibuni mkazikague.

Kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mabenki, makampuni ya simu na taasisi za serikali, huko Dar, Arusha au ng'ambo, tunaomba kitu kinachouma zaidi kuliko fedha: saa mbili za Jumamosi moja. Mwonyesheni kijana wa kwenu, kwa video, siku yako ya kazi inavyokwenda. Msitoe siri za mwajiri. Toeni jicho lenu.

Na kwa kila aliyeketi hapa, mchango ukiwapo au usiwepo, ondoka na mambo manne. Moja, ukiambiwa utume fedha, kata, kisha mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Mbili, huduma kwa wateja wa mtandao wako hukupigia kwa namba 100 tu, na hakuna mfanyakazi halali atakayekuuliza namba yako ya siri. Tatu, piga *106# leo uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao huo ikafutwe. Nne, meseji ya tapeli usiifute. Itume 15040, kisha uwaonyeshe vijana wetu waiandike kwenye daftari.

Tumalizie kwa mama yetu. Mtoto wake alirudi shule, kwa sababu ndugu walichanga. Yeye mwenyewe sasa huja darasani baadhi ya Jumamosi, anakaa nyuma, na vijana wakiandika tangazo wanamsomea yeye kwanza. Juzi walimsomea moja, akatikisa kichwa, akasema: "Hili mimi lisingenisaidia siku ile. Mmeniambia nisitume. Hamkuniambia kwamba atakuja na jina la mtu ninayemngoja." Wakaliandika upya.

Ndugu zetu, tusaidieni tupate darasa la kuliandikia upya mara nyingi zaidi.